SOMO: MARISAWA NA NGUVU YA BUNDUKI YA UPEPO

Mnunuzi wa Kahama au Katoro ambaye bunduki yake ya upepo imeanza kukosa shabaha aghalabu hulaumu springi, akaipeleka kwa fundi ibadilishwe. Kabla ya kutoa fedha, na achunguze kwanza anachokipakia.

Bunduki hii haina baruti. Springi iliyobanwa ikifyatuka huisukuma pistoni, nayo pistoni hugandamiza upepo unaorusha kidonge. Marisawa ni vidonge laini vya madini ya risasi, vyenye kichwa, kiuno na sketi nyembamba nyuma. Sketi hiyo hutanuka kwa nguvu ya upepo na kuziba mtutu. Ikibonyea, upepo huvuja na shabaha hupotea. Kwa sababu hiyo nunua kopo lililofungwa, si marisawa ya kumwagiwa kwenye karatasi. Soma kipenyo, ambacho kwa kawaida ni milimita 4.5 au 5.5, ukilinganishe na kilichoandikwa kwenye bunduki. Soma na idadi pia. Wewe unalipia idadi.

Wakati wa kupakia, ushike mtutu kwa mkono mmoja muda wote, kwani kifyatuo kikiteleza mtutu hujifunga kwa kishindo na kuvunja vidole. Sukuma kidonge kwa dole gumba mpaka sketi iwe sawasawa na mdomo wa mtutu. Usitumie msumari. Usifyatue bunduki tupu: pasipo kidonge cha kuuzuia upepo, pistoni hugonga mwisho wa silinda na kujiharibu. Vidonge vyepesi mno huleta madhara ya namna hiyo polepole. Wapo wanaotia mafuta ndani ili bunduki "ipate nguvu". Mafuta huwaka kwa joto la mgandamizo, na mlio mkubwa unaowafurahisha ndio unaoua springi.

Katika ukanda wa Geita wachimbaji wamezoea kuonywa juu ya zebaki, lakini risasi husahauliwa. Nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usishike marisawa kwa midomo, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kabla ya kulipa, fika kituo cha Polisi uulize masharti ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kupiga ndege wa porini ni uwindaji, na kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Muuzaji anayekwambia kuwa huo ni mchezo tu, mdai risiti yenye jina la duka.