Hesabu ya Mhandisi Katika Mambo ya Nyumbani

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya uhandisi ni kujenga madaraja na reli tu. Lakini imo sehemu moja ya elimu hiyo iwezayo kumfaa kila mwenye nyumba, nayo huitwa uchumi wa uhandisi: yaani, kupima gharama za njia mbili au zaidi kabla ya kuchagua moja.

Mwanzo wake ulikuwa katika reli. Mwaka 1877 mhandisi Mmarekani, Arthur Mellen Wellington, alitoa kitabu juu ya kuchagua mahali pa kupitisha njia ya gari la moshi. Alifundisha ya kuwa haitoshi kuuliza kujenga kutagharimu kiasi gani. Yapasa kuuliza pia gari litakula kiasi gani kila mwaka likisha kuanza kupita. Njia fupi yenye mlima mkali yaweza kuwa rahisi siku ya kujenga, kisha ikawa ghali kwa makaa miaka yote ifuatayo.

Haya, tuyalete mambo haya nyumbani. Mtu mmoja ataka kuezeka nyumba yake. Akiezeka kwa nyasi, tuseme atatoa shilingi 6,000, na baada ya miaka 4 itampasa kuezeka tena. Akiezeka kwa mabati atatoa shilingi 30,000, nayo yatadumu miaka 20. (Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu na atie bei za kwao.) Katika miaka 20 ataezeka nyasi mara 5, na jumla yake ni shilingi 30,000. Basi atasema, "Gharama ni sawasawa, afadhali mabati."

Hapo ndipo wengi hukosea. Shilingi ya leo si sawa na shilingi ya miaka 16 ijayo, kwa sababu shilingi ya leo yaweza kufanya kazi. Mtu huyu hana fedha mkononi. Atakopa katika chama cha ushirika kwa riba ya 10 kwa mia kila mwaka. Mabati yamzidishia deni la shilingi 24,000 kupita nyasi. Riba ya deni hilo katika mwaka wa kwanza ni shilingi 2,400. Lakini nyasi za shilingi 6,000, zikigawanywa kwa miaka 4, ni shilingi 1,500 tu kwa mwaka. Riba peke yake yashinda bei ya nyasi! Akichukua mkopo huo bila kufikiri, karo ya mtoto wake ndiyo itakayolipa riba ya mabati.

Je, mwenye fedha zake mwenyewe hana riba? Anayo, ila haionekani. Fedha ile angeweza kununua ng'ombe wa maziwa, au kulipa karo, au kuiweka akiba. Faida aliyoiacha ndiyo riba yake.

Lakini hesabu haijaisha, maana tumepima paa tu, wala hatukupima maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mahali panaponyesha milimita 800 kwa mwaka, lapokea lita 32,000, ingawa nyingine hupotea. Tuseme jamaa hawa hununua madebe 3 ya lita 20 kila siku, kwa shilingi 10 debe moja. Wakitumia maji ya paa kwa siku 120 za masika na vuli, watabakiza shilingi 3,600 kila mwaka.

Basi tutie mifereji na tangi kwa shilingi 16,000. Gharama yote sasa ni shilingi 46,000. Ikilipwa pamoja na riba kwa miaka 20, ni kama shilingi 5,400 kila mwaka. Upande wa pili, nyasi pamoja na riba yake ni kama shilingi 1,900 kwa mwaka, na maji ya kununua 3,600, jumla 5,500. Mabati pamoja na tangi yameshinda kwa kama shilingi 100. Mabati yasiyo na tangi yalishindwa.

Aliye karibu na mto haokoi shilingi hizo. Lakini na aulize: mama na binti hupoteza saa ngapi njiani kila siku? Mambo yasiyo na bei nayo yaandikwe katika karatasi ile ile, yasije yakasahauliwa.

Kanuni ya mwisho: fedha iliyokwisha kutumika isihesabiwe. Wahenga walisema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Sasa jipime, msomaji. Mtu ametengeneza baiskeli yake kuukuu kwa shilingi 4,000, nayo imeharibika tena. Kuitengeneza ni shilingi 3,000, nayo itakwenda mwaka mmoja. Akiiuza ilivyo atapata 500. Nyingine yauzwa 5,000, nayo itakwenda miaka 2. Afanyeje?

Jawabu: zile 4,000 aziache, zimekwenda. Akitengeneza, atatoa 3,000 na kukosa 500 za kuuza. Ni 3,500 kwa mwaka mmoja. Akinunua, ni 2,500 kwa mwaka, na hata ukiongeza riba haifiki 3,000. Na auze ile kuukuu, anunue nyingine. Ajapo kuona uchungu kwa zile 4,000, uchungu huo usimgharimu mara ya pili.