Mbwa Wako Ananusa Nini?

Swali: Nikirudi kazini, mbwa wangu hachezi kwanza. Huninusa suruali kuanzia pindo hadi magotini. Anatafuta nini?

Jibu: Anataka habari za siku nzima. Kwenye pindo kuna vumbi la stendi, tone la mafuta ya chipsi, mkojo wa paka uliokanyaga bila kujua na jasho la abiria mliyebanana naye kwenye daladala. Wewe unaona suruali ya kufuliwa, yeye anajua ulikopita. Vipokezi vya harufu puani mwake hukadiriwa kufikia milioni 300, vyako ni kama milioni 6. Mtazame kwa karibu: kila tundu la pua lina mpasuko ubavuni. Pumzi hutokea huko, isije ikaifukuza harufu mpya inayoingia kwa mbele. Basi mwache amalize, ni dakika moja tu.

Swali: Wageni huwachomekea pua mapajani. Naona aibu!

Jibu: Aibu ni yako, yeye hana. Kwapani na kinenani ndiko kwenye tezi za jasho zito linalobeba harufu ya mtu mwenyewe, na kwapa liko juu mno kwake. Aliye kwenye hedhi au aliyejifungua karibuni hunuswa zaidi. Usimpige, mwite, mwamuru akae. Mgeni akiwa Mwislamu anayejihadhari na najisi, mfunge mbwa kabla hujafungua geti. Pua ile ina majimaji.

Swali: Kwa hiyo mimi kwake ni harufu tu?

Jibu: Si haba kuwa harufu. Mwaka 2015 Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha picha za ubongo wa mbwa 12 waliofundishwa kutulia ndani ya mashine. Walinusishwa harufu za watu na za mbwa. Sehemu ya ubongo inayotarajia mema iliamka zaidi kwa harufu ya mtu wa nyumbani, na mtu huyo hata hakuwepo chumbani.

Swali: Kila siku ananusa mahali pamoja mguuni mwangu. Nimwone daktari?

Jibu: Pakague kwanza. Mwaka 1989 madaktari wawili wa London waliandika habari za mwanamke ambaye mbwa wake hakuacha kulinusa baka mguuni. Lilikuwa saratani ya ngozi. Mara nyingi huwa ni kidonda kidogo au mafuta uliyojipaka. Lakini baka likibadilika rangi au kidonda kikikataa kupona, nenda hospitali.