SOMO KWA WANAKWAYA: KUCHAGUA MAIKROFONI YA NYUMBANI

Miaka ya 1970 kwaya iliyotaka kurekodi ilitazamia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Siku hizi chumba kimoja Kilosa kinatosha, ila fedha ya kwaya hupotea upesi chombo kisipochaguliwa kwa makini.

Maikrofoni za kuimbia hasa ni za namna mbili. Ya kondensa husikia hata pumzi ya mwimbaji, nayo kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta. Lakini masikio yake hayachagui: itanasa mvua juu ya bati, jogoo wa jirani, na kwa ndugu wa Mikumi, malori ya barabara kuu ya Zambia. Ya dainamiki hufanya kazi kwa sumaku na koili. Haihitaji umeme huo, haishiki sana sauti za mbali, na ikianguka haiharibiki upesi. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, ni ya namna hiyo. Kwa nyumba zetu nyingi naona hiyo ndiyo ya kununua kwanza.

Mwimbaji asimame shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, nyuma yake pametundikwa blanketi zito, maana mwangwi wa ukutani ukisharekodiwa ni vigumu kuutoa. (Godoro lililosimamishwa hufaa pia, wenye nyumba watavumilia.) Fedha ikibaki, nunueni hedifoni za kufunika masikio yote, muziki usivuje ukaingia katika maikrofoni. Spika kubwa zingoje.