Ng'oa Kibao Kabla ya Kuhama: Kuondoa Jina la Kikoa Kwenye Potali ya Wateja

Wasafiri wa barabara kuu ya Nairobi–Nakuru huijua Kikopey, katika Kaunti Ndogo ya Gilgil, kwa nyama choma. Mwenye hoteli anayepokea oda za vikundi vya harusi, makanisa na safari za shule anaweza kukodi potali ya wateja, yaani ukurasa ambapo mteja huagiza, hulipa amana na kufuatilia oda yake. Potali hiyo huwa ya kampuni nyingine, lakini mwenye hoteli huiunganisha na jina lake mwenyewe, kwa mfano oda.jinalako.co.ke.

Somo la leo linahusu siku ya kuachana na potali hiyo, iwe kwa sababu ada imepanda au biashara imepata mfumo mwingine.

Kosa linalofanyika ni lipi?

Wengi hufunga akaunti ya potali na kudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba jina hilo limewekwa mahali pawili: ndani ya potali, na kwa msajili aliyeuza jina la kikoa. Kwa msajili kuna rekodi inayoitwa CNAME ambayo huelekeza kila mgeni kwenye potali. Ukifunga akaunti na kuiacha rekodi hiyo, ni kama kuhama kibanda na kuacha kibao chako barabarani kikielekeza watu humo.

Baadhi ya potali humruhusu mtu mwingine kufungua akaunti na kudai jina lililoachwa. Mlaghai akifaulu, atafungua ukurasa kwa anwani yako halisi na kuweka nambari yake ya malipo. Mteja atatuma amana ya mbuzi watano, kisha siku ya sherehe aje kudai nyama kwako. Hata alama ya kufuli kwenye kivinjari haitamkinga, kwa kuwa mlaghai anaweza kuipata bila shida.

Hatua za kufuata

1. Orodhesha kila mahali anwani ya zamani ilipoandikwa: menyu, mabango, stakabadhi, misimbo ya QR mezani, ukurasa wa Facebook na Google Maps. Weka anwani mpya, na uwajulishe wateja wenye oda ambazo hazijakamilika.

2. Kagua malipo. Ikiwa taarifa za M-Pesa hutumwa moja kwa moja kwenye mfumo kupitia anwani hiyo, ibadilishe kwanza. La sivyo, pesa zitaingia lakini oda itaonekana haijalipwa.

3. Pakua nakala ya oda na risiti unazohitaji.

4. Ingia kwenye akaunti yako kwa msajili na ufute rekodi ya CNAME ya “oda” pekee. Usiguse rekodi za MX, kwani hizo ndizo zinazoleta barua pepe. Usibadilishe pia rekodi za NS, maana zinabeba kikoa kizima.

5. Subiri. Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa mtandaoni, unaoitwa TTL, na huhesabiwa kwa sekunde. TTL ya 3600 ni saa moja, na ya 86400 ni siku nzima.

6. Sasa ingia kwenye mipangilio ya potali, uondoe jina la kikoa, kisha ufunge akaunti. Omba kampuni ifute taarifa za wateja wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu taarifa za watu kuhifadhiwa kupita muda zinapohitajika.

7. Fungua anwani ya zamani kwa simu nyingine. Haifai kufungua ukurasa wowote. Kama uliwahi kuweka rekodi ya TXT ya kuthibitisha umiliki kwa potali hiyo, ifute pia.

Mambo mawili ya kukumbuka

Kwanza, kuondoa kikoa kwenye potali si kuacha kukilipia. Kikoa kisipolipiwa hatimaye hurudi sokoni, na yeyote anaweza kukisajili. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Endelea kulipia jina ambalo wateja bado wanalikumbuka.

Pili, hakikisha akaunti ya msajili iko kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara. Ikiwa kijana aliyetengeneza tovuti ndiye pekee mwenye nenosiri, mwombe alikabidhi mapema, kabla hamjapotezana.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inaharamisha kutumia jina la biashara au kikoa cha mwingine bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Anayegundua jina lake limetekwa anashauriwa kufuta rekodi ya CNAME mara moja, kupiga picha za ukurasa huo, kuwaonya wateja, kisha kupiga ripoti kituo cha polisi na kwa KE-CIRT, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kazi yote haichukui zaidi ya siku mbili, na nyingi yake ni kusubiri. Mteja aliyepoteza amana, kwa upande mwingine, huenda asisimame tena Kikopey.