SOMO LA AFYA: KICHAKA CHA JIRANI

Mvua kubwa inyeshapo Kakamega, mahindi hustawi, na magugu pia hustawi. Ndipo malalamiko huanza kufika kwa liguru na kwa chifu. Mmoja hudai kwamba uwanja wa jirani yake umekuwa msitu, panya watokao humo wanamaliza mahindi ghalani, na nyoka ameonekana mlangoni pa jiko. Wengine huyacheka maneno hayo na kuyaita ugomvi wa majirani. Lakini mara nyingi nyuma ya ugomvi huo kuna mtoto alalaye na homa. Kwa hiyo yafaa kila mwenye boma ajue haki yake na wajibu wake.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika Kenya mwaka 1921, na hata leo ingali na nguvu. Sheria hiyo yamkataza mtu kuacha mahali pake pawe na jambo liwezalo kudhuru afya ya watu. Yamkataza kuacha kiwanja kiote vichaka au majani marefu yawezayo kuficha mbu. Tena yaagiza kwamba makopo, chupa na vitu vingine viwezavyo kushika maji visiachwe ovyo uani. Zamani kazi ya kuangalia mambo hayo ilikuwa ya mabaraza ya wilaya na ya miji. Tangu mwaka 2013 ni ya Serikali ya Kaunti.

Hatari yenyewe ni ipi?

Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, katika Nyanza. Mbung'o, ambao makao yao ya kawaida ni vichaka vya kando ya maji, walikutwa katika vichaka vya lantana karibu kabisa na nyumba za watu. Hivyo kichaka kilichoachwa uani kilikuwa mlango wa mauti.

Habari ya mbu ni tofauti kidogo. Majani marefu humpa mbu kivuli cha kupumzikia mchana, lakini mayai yake huyataga majini. Mbu aletaye malaria hupenda vidimbwi vidogo vipigwavyo na jua: nyayo za ng'ombe, mitaro iliyoziba, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Katika wiki moja au mbili yai huwa mbu arukaye. Basi mtu afyekaye majani na kuyaacha mashimo amefanya nusu ya kazi.

Njia ya kulalamika

Kwanza, mwenye malalamiko atazame uani kwake. Akiwa ana makopo yenye maji, maneno yake hayatakuwa na uzito.

Pili, amwendee jirani kwa heshima. Huenda jirani ni mjane, au mgonjwa, au mwenye kiwanja yuko kazini Nairobi. Vijana wachache wenye mapanga waweza kumaliza kwa asubuhi moja jambo ambalo lingekaa barazani mwezi mzima.

Tatu, jirani akikataa, habari ipelekwe kwa liguru au chifu, kisha kwa Bwana Afya. Yeye atafika kuona kwa macho yake. Akikuta madhara, atatoa amri kwa maandishi pamoja na muda wa kusafisha. Asiyetii aweza kupelekwa mahakamani. Na kazi ikifanywa na serikali, gharama yaweza kudaiwa kwake.

Lakini si kila kilicho kirefu ni kichaka. Mahindi ni chakula, na nepia ni malisho ya ng'ombe. Mtu asiitumie sheria ya afya kulipiza kisasi cha mpaka wa shamba, kwa maana shauri la mpaka lina mahali pake pa kuamuliwa.

Mbu hajui mpaka. Azaliwaye kwa mmoja humwuma mtoto wa mwingine. Kwa hiyo panga na jembe vifanye kazi pande zote mbili za ua.