Somo la Uanikaji: Karafuu Zinazopata Moto



Mara kwa mara twaulizwa: "Karafuu zangu nimezianika siku tatu kwa jua zuri, lakini kila asubuhi nikitia mkono katika lundo nazikuta zina moto. Ubaya uko wapi?" Yafaa swali hili lijibiwe kwa wote, maana moto huo ndio uzaao mpeta, na mpeta hauna dawa. Karafuu ikisha kuwa mpeta, hata ikianikwa mwezi mzima hairudi kuwa karafuu njema.

Kwanza tufahamu asili ya moto. Karafuu mbichi ikisha kuchumwa huendelea kupumua, na katika kupumua hutoa joto na unyevu. Ikitandazwa, upepo huvichukua vyote viwili. Ikilundikwa, hubaki ndani, uvundo ukaanza, nao uvundo huzaa joto jingine. Kilo 100 za mbichi hutoa karibu theluthi moja tu ya kavu. Zaidi ya kilo 60 ni maji, nayo hayana njia ya kutokea ila hewa. Basi anayekuta moto atafute mahali hewa ilipozuiwa, kwa utaratibu huu:

1. Gunia. Je, zilikaa muda gani kati ya mti na jamvi? Zilizolala guniani zimekwisha pata moto kabla ya kuona jua. Makonyo yachambuliwe siku ile ile, na zikingoja jua zitandazwe chini ya paa.

2. Unene. Fukua kwa kidole. Ikiwa za juu zimekauka na za chini zina majimaji, umetandaza nene mno. Punguza, na uzigeuze mara kadhaa kwa siku.

3. Kitu cha chini. Jamvi hupitisha hewa; plastiki huzuia, na maji hukusanyika chini yake. Barabara ya lami nayo haifai, kwani hutia mchanga na harufu.

4. Usiku. Wengi huzikusanya jioni zingali na joto la jua, wakazifunika turubai papo hapo. Ziacheni zipoe kwanza, kisha zikusanywe ndani, mbali na umande, na asubuhi zitandazwe mapema.

5. Mchanganyiko. Za leo zisitiwe pamoja na za juzi. Mbichi huzirudishia kavu unyevu, na lundo zima likapata moto.

Mvua za vuli zikitukuta katika uchumaji, tuzitandaze ndani ya nyumba, madirisha yafunguliwe, na hata usiku zigeuzwe. Anayekausha kwa kuni ajue kwamba moto mkali hupoteza mafuta ya karafuu, na moshi huacha harufu yake. Moto uwe wa wastani, na juu paachwe njia ya mvuke kutoka. Tanuri lililozibwa juu hupika karafuu badala ya kuikausha.

Karafuu njema ni ya hudhurungi iliyokoza, ngumu, na ikivunjwa hukatika kwa mlio. Mpeta hupauka, huwa na ungaunga mweupe, na ngozi yake hukunjamana. Katika biashara ya nje karafuu nzima hutakiwa isizidi maji 12 katika 100. Nyumbani hatuna mashine ya kupimia, lakini mkono tunao: lundo lililolala usiku mmoja, tia mkono hadi katikati. Likiwa baridi na kavu, tia guniani. Likiwa na uvuguvugu, rudisha jamvini siku hiyo hiyo.

Mkarafuu hulelewa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na mchumaji huitia roho yake hatarini juu ya tawi. Ni khasara kubwa kazi yote hiyo kuharibika kwa usiku mmoja chini ya turubai. Mwenye lundo lenye moto asingoje kesho. Na akitatizwa, aje kwetu na konzi moja ya karafuu zake tuzitazame pamoja, Inshallah.