Wilson: uliza lango kabla ya kuuliza saa

Ukimwambia dereva wa teksi Nairobi akupeleke "airport" bila kuongeza neno, atakata kona kuelekea Embakasi, kwenye uwanja mkubwa wa kimataifa, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Ikiwa unaenda Mara, Lamu, Nanyuki au Amboseli kwa ndege ndogo, taja Wilson mapema, halafu taja jina la kampuni unayosafiri nayo. Hilo la pili ndilo watu wengi hawalifikirii. Wilson hakuna jengo moja kubwa la abiria ambalo kila mtu huingilia, akainua macho kwenye ubao na kuona safari zote za siku. Kuna majengo madogo yaliyotawanyika upande huu na huu, kampuni kubwa kila moja na sebule yake, kaunta yake na mizani yake. Aliyeshushwa kwa jirani hulazimika kutembea huku begi likimkata bega na saa ikiyoyoma. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, wapigie simu waliokukatia tikiti uwaulize unaingilia lango gani. Wameshazoea swali hilo.

Uwanja umekaa hivyo kwa sababu ya jinsi ulivyokua. Mwaka 1929, mama mmoja mjane wa walowezi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Mtaji wao angani ulikuwa ndege aina ya Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa. Campbell Black ndiye aliyemfundisha urubani Beryl Markham, ambaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Vita vya Pili vya Dunia vilipoingia, ndege za kampuni zilichukuliwa kwa kazi za kijeshi na kampuni yenyewe haikufufuka. Uwanja, ambao wakati huo uliitwa Nairobi West, ulibaki, na mwaka 1962 ukapewa jina la huyo mama.

Ndege kubwa za abiria zilikuwa zikitua Eastleigh, na mwaka 1958 zikahamia Embakasi. Wilson ukaachiwa wadogo: watalii, vyuo vya urubani, wamishonari, mashirika ya misaada, wafanyabiashara wa mizigo. Kila aliyefika alipewa kipande chake akasimamisha hanga lake. Leo uwanja uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya, lakini sura yake ni ya mtaa uliojijenga nyumba kwa nyumba kuliko ya kituo kilichochorwa na mhandisi mmoja. Ukilijua hilo hutashangaa kuona fundi ana mafuta hadi viwikoni hatua chache kutoka mahali abiria wanakunywa kahawa.

Sasa mizigo, maana hapa ndipo machozi hutoka. Safari nyingi za mbugani hukuruhusu kilo 15, begi la mkononi likiwa ndani ya hesabu hiyo hiyo, na begi lenyewe liwe laini. Watu hudhani ni ukorofi wa makarani. Tazama ndege unayopanda, ambayo mara nyingi ni Cessna Caravan: injini moja, abiria 12 hivi, na chini ya tumbo lake limefungwa sanduku refu jembamba la mizigo lenye milango midogo pembeni. Sanduku gumu la magurudumu haliingii pale hata ulisukume vipi. Begi la kitambaa hujikunja likapata nafasi.

Uzito nao una sababu yake. Wilson uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo bawa hupata nguvu kidogo ya kuinua na injini hupumua kwa shida. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na njia za kurukia hapa zina urefu wa takriban kilomita moja na nusu tu. Kilo ambazo Mombasa zingepita bila neno, hapa zinapigiwa hesabu. Karani akikuomba nawe upande kwenye mizani, panda. Viatu vizito vya kutembelea mbugani vivae miguuni, usivitie begini, na kama una vifaa vizito vya kamera, uliza bei ya kununua kiti cha ziada siku unapokata tikiti, si asubuhi ya safari.

Chagua ndege ya asubuhi ukiweza. Kuanzia adhuhuri ardhi huwa imepata joto, hewa inapanda, na Caravan hurushwarushwa juu ya Bonde la Ufa kiasi cha kumtapisha hata mzoefu. Jioni napo kuna mpaka: viwanja vingi vya mbugani ni kipande cha udongo au changarawe bila taa, na rubani lazima aondoke huko mapema. Ukichelewa kwa sababu chui alikuwa mtini, ndege haitakungoja.

Wanaounganisha safari kutoka Embakasi wajipe saa nne. Nasema nne nikijua mawakala wengine husema mbili. Ramani inaonyesha umbali mdogo, lakini pasipoti, mizigo na msongamano wa Barabara ya Mombasa havisomi ramani. Kwa anayetoka katikati ya jiji bila haraka, matatu za Rongai zinazopita Barabara ya Lang'ata zinatosha. Mwambie kondakta akushushe Wilson.

Ukishapimwa, kuna mengi ya kutazama dirishani. Namba zilizochorwa mwanzoni mwa njia ya kurukia ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho: 07 ina maana ndege inaelekea nyuzi 70, yaani mashariki ukipinda kidogo kaskazini. Ikiruka kwa 07, aliye kulia anaona Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na aliye kushoto anaona majumba ya jiji. Kwenda Nanyuki kaa kulia, Mlima Kenya uko upande huo, tena asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Ndege zenye rangi za AMREF ni za Madaktari Warukao, kazi iliyoanza mwaka 1957. Na ukiona magunia yakipakiwa mbiombio huku watu wakipigizana kelele, hiyo ni miraa ya Meru inayowahi Somalia kabla haijanyauka. Somalia iliifungia mlango mwaka 2020 ikaufungua tena 2022.

Jambo la mwisho makarani hawalitaji mpaka uulize: Caravan haina choo. Chai ya pili iache, au uinywe ukijua safari yako itachukua muda gani, kwa maana baadhi ya ndege hutua viwanja viwili vitatu kushusha wengine kabla ya kufika kwako.